Chapa ya kwanza au saini ya mwandishi: ununue kipi kwanza?

Fedha ni ile ile, na mezani kuna nakala nne. Moja ni chapa ya kwanza ya riwaya unayoipenda, jaketi lake la karatasi lipo, ila mwandishi hajawahi kuigusa. Ya pili ni chapa hiyo hiyo, jaketi lilishapotea zamani, lakini ndani kuna saini. Ya tatu ni chapa ya kumi na moja, ya kuokota kwa wauza mitumba, na mwandishi ameandika mistari mitatu kwa mwalimu wake wa zamani. Ya nne imefungwa kwa ngozi, ina kasha, nambari 37 kati ya 250, na saini juu yake. Wengi huikimbilia saini. Si kosa kila mara, ila mara nyingi wanaanza na kile ambacho kingeweza kusubiri.

Mifano mingi hapa ni ya fasihi ya Afrika Mashariki, kwa sababu ndiyo ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kukutana nayo kwenye meza ya mitumba Posta jijini Dar es Salaam, kwa wauzaji wa "inama" wanaotandaza vitabu chini Nairobi au kwenye rafu ya nyumbani.

Toleo si chapa

Wachapishaji wetu huyachanganya maneno haya, na muuzaji mjanja hufaidika. Toleo ni matini yenyewe jinsi yalivyopangwa. Chapa ni kila safari mashine inapotoa nakala za matini hayo. Toleo la kwanza linaweza kuwa na chapa ishirini, zote zikiitwa "toleo la kwanza" bila uongo wowote. Anacholipia mkusanyaji ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. *A Grain of Wheat* ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka 1967. Mwandishi alipoirekebisha miaka ya 1980, hilo likawa toleo jingine kabisa, na chapa yake ya kwanza haikufanyi uwe na kitabu cha 1967.

Vigezo vya kulinganisha

Nakala zote nne tunazipima kwa mambo yale yale. *Uthibitisho*: je, unaweza kuhakikisha kwa kitu kilichomo mkononi, bila kutegemea hadithi ya muuzaji? *Uhaba*: ni adimu, au ni kuukuu tu? *Utunzaji*: inahitaji nini ili isiharibike kwenye hali ya hewa yako? *Kuuza tena*: nani atainunua, na utapoteza kiasi gani? Mwisho, *inamfaa nani*.

Kuhusu gharama, hesabu hii inazigusa zote. Tuseme nyundo ya mnada imegongwa kwa dola 800. Nyumba nyingi kubwa za mnada huongeza ada ya mnunuzi ya asilimia 25 hivi, kwa hiyo unalipa 1,000 kabla ya posta, bima na ushuru wa nyumbani. Ukimrudishia mfanyabiashara wa vitabu mwezi ujao, usishangae akikupa theluthi au nusu ya bei anayotarajia kuuzia, kwa sababu naye ana pango la kulipa na kitabu kinaweza kumkalia miaka mitatu. Vitabu si akaunti ya benki. Anayekwambia vinapanda bei daima anakuuzia kitu.

1. Chapa ya kwanza isiyo na saini

*Uthibitisho.* Hapa ndipo mnunuzi ana nguvu kuliko mahali pengine popote, maana ushahidi umechapwa ndani ya kitabu chenyewe. Fungua ukurasa wa hakimiliki. Vitabu vya Uingereza vya miaka ya 1950 hadi 1970 huandika "First published" na mwaka. Ukiona chini yake mstari wa "Reprinted", hiyo si chapa ya kwanza. Vya baadaye vina safu ya tarakimu, kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1 au 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2. Mpangilio usikubabaishe: tarakimu ndogo kuliko zote zilizobaki ndiyo namba ya chapa. Ikiwa 1 haipo na ndogo ni 3, umeshika chapa ya tatu. Kanuni hii ina wakaidi wake. Random House ya Marekani ilikuwa na mazoea ya kuandika "First Edition" juu ya safu inayoanzia 2, na hiyo ndiyo ya kwanza kwao. Chapa ya pili ilipotoka, yale maneno yaliondolewa.

Kisha soma jina lililo juu ya jalada. *Weep Not, Child* (1964), *The River Between* (1965) na *A Grain of Wheat* (1967) zilitoka kwa jina la James Ngugi, jina la awali la Ngũgĩ. Nakala yenye "Ngũgĩ wa Thiong'o" kwenye jalada ni ya baadaye, hata kama ndani imeandikwa "First published 1964". Kipimo hiki kinachukua sekunde mbili na hakihitaji lenzi.

Kosa la kawaida kuliko yote linahusu African Writers Series, mfululizo wa Heinemann wa vitabu vya waandishi wa Afrika. *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe ilitolewa na Heinemann, London, Juni 1958, jalada gumu, nakala 2,000. Kitabu cha jalada laini chenye namba 1 ya mfululizo ni cha 1962. Ni cha kwanza katika mfululizo, na kuna watu wanaokusanya mfululizo wenyewe kwa namba, jambo zuri tu. Lakini si toleo la kwanza la riwaya, na bei yake haipaswi kukaribiana nalo.

Vitabu vya Kiswahili vinahitaji macho zaidi. *Kusadikika* (Nelson, 1951), *Mzimu wa Watu wa Kale* (East African Literature Bureau, 1960), *Kinjeketile* (Oxford, 1969), *Rosa Mistika* (East African Literature Bureau, 1971): tafuta maneno kama "Kimepigwa chapa tena" na miaka inayofuata. Tatizo ni pale ukurasa ulipochanika, au mchapaji aliporuka historia yote na kuacha mwaka mmoja. Hapo jina la mchapishaji linasaidia. Bureau ya Afrika Mashariki haikuendelea baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika 1977. Nakala yenye jina la Kenya Literature Bureau haiwezi kuwa ya 1960 wala 1971. Linganisha pia bei iliyochapwa na orodha ya vitabu vingine vya mchapishaji nyuma ya jalada. Orodha ikitaja kitabu kilichotoka miaka mitano baadaye, mazungumzo yameisha.

Usisahau swali la lugha. *Caitaani Mũtharaba-inĩ* ya Ngũgĩ ilitoka kwa Kikuyu 1980. *Devil on the Cross* na *Shetani Msalabani* ni tafsiri za 1982. Soko la nje hupenda Kiingereza, lakini kitabu cha kwanza ni cha Kikuyu. *Kinjeketile* ni vivyo hivyo: Kiswahili 1969, Kiingereza 1970.

*Uhaba.* Kinachoadimika huku kwetu ni nakala safi. Vitabu hivi vilisomwa shuleni: muhuri wa maktaba kurasa tatu, namba ya rafu kwa rangi nyeupe mgongoni, jina la mwanafunzi kwa kalamu ya wino, jalada la khaki lililogandishwa kwa selotepu. Maktaba nyingi zilitupa jaketi siku kitabu kilipoingia. Ndiyo maana kwa riwaya za karne ya 20 zenye jalada gumu, jaketi la karatasi linaweza kubeba sehemu kubwa ya thamani yote, mara nyingine zaidi ya kitabu chenyewe. Angalia pembe ya ndani ya jaketi: bei ikiwa imekatwa kwa mkasi, thamani inashuka, na pia umepoteza ushahidi wa kutofautisha jaketi la chapa ya kwanza na la chapa ya pili lililohamishwa.

Jaketi bandia zipo. Kwa kitabu cha kabla ya 1950, lipige taa ya mwanga wa urujuani gizani: karatasi ya kisasa yenye dawa ya kung'arisha hutoa mng'ao wa buluu, ya zamani hubaki imefifia. Kipimo hiki hakifai kwa vitabu vya miaka ya 1960, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa tayari imeenea.

*Utunzaji.* Dar, Mombasa na Unguja ni maadui wa karatasi. Ukungu huanza unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi. Lenga 45 hadi 55, na kipimo kidogo cha unyevu ni cha bei nafuu kuliko kitabu chochote kilichotajwa hapa. Usisukume rafu hadi ukutani, acha sentimita tano hewa ipite, hasa ukuta unaopigwa na mvua. Mende na wale wadudu wa rangi ya fedha hula gundi na kitambaa cha jalada. Mchwa hula vyote. Kitabu kipya kutoka mitumba kitenge kwanza: kifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, kisha kiache siku nzima kirudi joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, la sivyo maji yatatonea juu ya jalada baridi. Kilicholowa usikigandishe kwa njia hii kabla ya kupata ushauri.

Jaketi livike plastiki ya poliesta isiyo na gundi, ile inayokunjwa bila kubandikwa. Usilipitishe kwenye mashine ya leminesheni. Usibandike selotepu hata sentimita moja: gundi yake huwa kahawia, hupenya karatasi, na kuitoa kunagharimu kuliko mpasuko wenyewe.

*Kuuza tena.* Rahisi kuliko zote nne, kwa sababu mnunuzi wa London au Toronto anaweza kukagua kwa picha tano. Ila jua lugha ya madaraja: kwenye orodha za wauzaji, "Good" maana yake ni kilichochakaa ila kimekamilika. Kizuri hasa huitwa "Fine", na kati yao kuna "Very Good".

*Inamfaa* anayeanza, na mwenye subira ya kusoma kurasa za hakimiliki.

2. Chapa ya kwanza yenye saini

*Uthibitisho.* Kiungo dhaifu kiko hapa. Kitabu ni halisi, saini ndiyo ya kushuku. Anza na kalenda kabla ya mwandiko. Shaaban Robert alifariki 1962. *Kufikirika* ilitoka 1967, *Utubora Mkulima* 1968. Nakala "yenye saini ya mwandishi" ya vitabu hivyo haiwezi kuwepo. Ngũgĩ alikuwa kizuizini karibu mwaka wote wa 1978, na kuanzia 1982 alikuwa uhamishoni hadi aliporudi kwa ziara mwaka 2004. Saini yenye tarehe na "Nairobi 1990" inajikaanga yenyewe. Saini ya "James Ngugi" yenye tarehe ya miaka ya 1990 nayo iulizwe maswali.

Kisha kalamu. Kalamu za jeli ni za miaka ya 1980, za ncha ya nyuzi ni za miaka ya 1960. Wino wa jeli wenye tarehe ya 1965 ni tarehe ya uongo au saini ya uongo, kwa kawaida vyote viwili.

Halafu chukua lenzi ya mara 10. Mkono wa mtu huanza mstari ukiwa tayari kwenye mwendo, hivyo mwanzo na mwisho huwa membamba, na unene hubadilika kwenye mikunjo. Mwigaji huchora polepole: mstari unatetema, na kuna mahali kalamu imesimama na kuacha nukta ya wino pasipo sababu. Mashine ya kutia saini huacha unene ule ule mwanzo hadi mwisho, na nukta nzito pale inapoanza na inapoishia. Saini iliyochapwa huonyesha vinukta vya rangi. Ukipata saini mbili zinazolingana kabisa, hadi nywele, moja au zote si za mkono, maana hakuna mtu anayesaini sawasawa mara mbili. Novemba 2022, wanunuzi wa nakala 900 za kitabu cha Bob Dylan, kila moja dola 599 na kila moja na barua ya kuthibitisha saini ya mkono, walilinganisha picha mitandaoni, na ikabainika ni mashine. Mchapishaji alirudisha fedha. Barua za uthibitisho walikuwa nazo wote. Cheti ni sawa na aliyekitoa, basi.

Kuna daraja za saini pia. Iliyo kwenye ukurasa wa kitabu chenyewe ndiyo ya juu. Chini yake ni karatasi iliyotumwa kwa mwandishi ikasainiwa na kuunganishwa kiwandani: saini ni ya kweli, lakini mwandishi hakukishika kitabu. Ya chini zaidi ni kibandiko, kwani kinaweza kuhamishwa kutoka nakala ya chapa ya tisa.

*Uhaba.* Inategemea kama mwandishi yu hai. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025, hivyo idadi ya saini zake haitaongezeka, ila alizunguka vyuo vingi na kusaini vingi. Kilicho adimu ni saini kwenye vitabu vya miaka ya 1960. Abdulrazak Gurnah yu hai. Riwaya yake ya kwanza, *Memory of Departure* (Jonathan Cape, 1987), ndiyo ngumu kupata. Saini inaweza kupatikana, kitabu hakichapwi upya kama cha 1987. Baada ya Nobel ya Oktoba 2021, nakala za zamani zilipotea sokoni kwa siku chache.

Kwa mwandishi aliye hai, kwa hiyo, nunua chapa ya kwanza safi isiyosainiwa na uende nayo mwenyewe. Omba asaini ukurasa wenye jina la kitabu, usikubali ile karatasi tupu ya mbele inayoweza kung'olewa. Beba kalamu yako ya wino usiofifia, ncha ya milimita 0.3 hadi 0.5. Omba tarehe na mahali. Acha ikauke dakika tatu, weka kipande cha karatasi isiyo na asidi, ndipo ufunge. Hifadhi kwenye bahasha tiketi au tangazo la tukio, na picha ukiruhusiwa. Bahasha hiyo ni ushahidi kuliko cheti cha kununua.

*Utunzaji.* Kama hapo juu, na ongeza jua: wino hufifia kabla ya karatasi. Usiiache wazi kwenye kabati la kioo.

*Kuuza tena.* Inauzika vizuri, lakini mnunuzi atauliza imetoka wapi. Nunua kwa wauzaji walio chini ya ILAB, shirikisho la kimataifa la wauza vitabu adimu lililoanzishwa 1947, ambao wanatakiwa kusimamia usahihi wa maelezo yao. Kwenye minada ya mtandaoni yenye picha moja ya giza, pita.

*Inamfaa* mpenzi wa mwandishi mmoja au wawili aliyekwishauzoea mwandiko wao.

3. Chapa yoyote yenye maneno ya mwandishi kwa mtu

*Uthibitisho.* Cha ajabu, ni rahisi kuliko saini tupu. Kughushi mistari mitatu ni kazi ngumu kuliko kughushi jina. Swali linahamia kwa mpokeaji: alikuwa nani, na walijuana kweli?

*Uhaba.* Kila moja ni ya pekee, ila pekee si thamani. "Kwa Juma, kila la heri" hupunguza bei sokoni kuliko saini tupu, isipokuwa Juma huyo alikuwa mhariri, mfasiri au mwandishi mwenzake. Nakala ya mwandishi kwa mfasiri wake inaweza kuishinda chapa ya kwanza, hata ikiwa imechakaa.

*Utunzaji.* Usifute jina la mpokeaji ili "kuisafisha". Barua, risiti au ua lililokauka ndani yake vitoe, viweke kwenye bahasha isiyo na asidi, na uandike kwa penseli vilikuwa ukurasa gani. Kuviacha humo hutia madoa.

*Kuuza tena.* Polepole. Unasubiri mnunuzi anayejua hadithi hiyo, mara nyingine maktaba ya chuo.

*Inamfaa* mtafiti, mwalimu, na mwenye bajeti ndogo na kumbukumbu kubwa ya majina.

4. Toleo maalumu lenye nambari na saini

*Uthibitisho* ni mwepesi: ukurasa wa mwisho au wa mbele hutaja idadi, nambari huandikwa kwa mkono, mchapishaji anajulikana. *Uhaba* umetengenezwa kiwandani, na 250 si chache kama wanaoitaka ni 100. Vilevile mara nyingi hutoka baada ya toleo la kawaida, kwa hiyo si lazima liwe la kwanza. *Utunzaji* huwasumbua watu wa pwani: ngozi huota ukungu kabla ya kitambaa, na kasha linalobana huzuia hewa. *Kuuza tena* kunategemea kasha na hali ya upya. Likikwaruzwa, limebaki kitabu kizuri tu. *Linamfaa* anayetaka zawadi au kitu cha kupendeza macho bila kubishana kuhusu tarakimu.

Kwa hali yako

Una dola 100 na ndiyo kwanza unaanza: achana na saini. Chukua chapa za kwanza za vitabu vya Kiswahili vya leo vingali na bei ya duka. *Peponi*, tafsiri ya riwaya ya Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022, ni mfano mzuri. Weka mbili, moja usome.

Mwandishi wako ni mzee na anaonekana hadharani mara moja kwa mwaka: geuza mpangilio. Ukiwa na chapa ya tano tu, ipeleke hiyo isainiwe. Ya kwanza utaendelea kuitafuta.

Mwandishi ameshafariki na muuzaji anataka ziada kubwa kwa ajili ya saini: linganisha bei ya nakala isiyo na saini yenye hali ile ile. Tofauti hiyo ndiyo unayolipia wino. Ikiwa uthibitisho ni cheti peke yake, lipa bei ya isiyosainiwa au acha.

Unaishi pwani na huna chumba chenye kiyoyozi: kitambaa kabla ya ngozi, nakala chache kabla ya nyingi, na ukague rafu kila baada ya masika.

Na kama umerithi sanduku la vitabu vya shule vya mzazi, usivipime kwa kilo bado. Usifute majina, usigundishe migongo, usitupe jaketi zilizochanika. Fungua ukurasa wa hakimiliki wa kila kimoja, upige picha pamoja na jalada la mbele na la nyuma, na uvitenge vile visivyo na mstari wa kuchapwa tena.